Kitengo cha Kuwakaribisha Nyuki

Mji wa Hatasue ulikuwa umebaki karibu bila nyuki. Mipeasi ilipochanua, wakulima walipanda ngazi na vijiti vyenye manyoya, wakapaka chavua ua moja moja kwa mkono, na jioni wakashindwa kunyoosha migongo. Ndipo Meya Tsubakihara aliposimama mbele ya kipaza sauti, ingawa ukumbini walikuwa watu kumi tu, akatangaza kuundwa kwa Kitengo cha Kuwakaribisha Wachavushaji.

Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Niwase. Wafanyakazi wa kitengo nao walikuwa Bwana Niwase. Alipewa meza karibu na choo, na muhuri mpya.

Niwase alikuwa mtu wa kazi. Wiki hiyohiyo alitunga kanuni: kila kaya ipande mimea ya kienyeji ili nyuki wa kienyeji wapate chakula. Kanuni ya Saba Meya aliiandika mwenyewe, akaisoma kwa sauti mara mbili kwa jinsi alivyoipenda: "Popote nyuki wa kienyeji watakapochagua kukaa, ni marufuku kuwabughudhi kwa dawa, moshi au mlango, hadi watakapoondoka kwa hiari yao."

"Mlango, Mheshimiwa?"

"Mlango ukibamizwa, Niwase. Tuwe na utu kidogo."

Niwase aliuandika mlango.

Kisha kitengo kiligawa mbegu katika pakiti zenye picha ya mlima na maneno MAUA YA KWETU. Nyuma, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba zimetoka Uholanzi. Niwase alilifikiria jambo hilo kwa makini, akaona halina tatizo. Zilikuwa zimegongwa muhuri wa mji, na kilichogongwa muhuri wa mji ni cha mji.

Iliyobaki ilikuwa kutafuta Bustani ya Mfano. Hapo hapakuwa na ushindani. Nyuki wa kienyeji walibaki nyumba moja tu, kwa Mama Kikue Hamaji, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye marehemu mumewe aliwatundikia sanduku la mbao chini ya paa. Uani kwake majani yalifika kiunoni.

"Mama, kitengo kinaomba kujua," alisema Niwase, kalamu mkononi. "Mimea hii mliichagua kwa vigezo gani?"

"Vigezo! Mume wangu alikuwa anatembea kando ya mto na koleo dogo. Akiona ua lina nyuki, analichimba analeta. Lisilo na nyuki analiacha hapohapo, hata liwe zuri namna gani."

"Na majina yake?"

"Kichaka hicho chenye vijiua vya zambarau ni hagi. Kile kirefu chenye vishada ni fujibakama, kipepeo hapiti bila kusimama. Wengine hatujaulizana majina. Kaa chini, mwanangu, ule achari ya figili. Umekonda kama penseli ya ofisi."

Niwase alikaa, akala. Mama Kikue alitazama sanduku.

"Naomba jambo moja tu. Haya maua ya vuli ndiyo akiba yao ya baridi. Wakiyakosa, wanahama au wanakufa. Msiniguse huu uani mpaka theluji ianguke."

"Mama, sisi ni serikali," alisema Niwase. "Tutaugusaje?"

Uzinduzi wa Bustani ya Mfano, hapohapo kwa Mama Kikue, ulipangwa wiki ya kuzuru makaburi, usiku na mchana vinapolingana. Niwase aliuarifu uongozi wa mtaa kwa maneno mawili: Meya anakuja. Huko Hatasue hayo yanatosha.

Alfajiri ya siku hiyo mtaa mzima ulitoka, taulo nyeupe shingoni, wanaume na mashine za kufyekea, wanawake na mundu. Walisafisha barabara, mitaro, na ukingo wa hekalu. Walipofika kwa Mama Kikue hawakumkuta, alikuwa ameenda mlimani kuosha kaburi la mumewe. Wakautazama uani, wakaingiwa na huruma. Mwanamke mzee, peke yake, Meya anakuja, na majani kiunoni.

Niwase alipotokea kwenye kona, Bwana Sonobe, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa katikati ya hagi na mashine yake.

"Simamisha! Bwana Sonobe, simamisha!"

"Usihangaike, Mkuu!" alipaza Sonobe juu ya ngurumo. "Tunamalizia hapa!"

Mama Kikue alirudi na ndoo na kata yake, akakuta uani umenyolewa kama kichwa cha mtawa wa hekaluni. Majirani walikuwa wamejipanga mstari, jasho likiwatiririka, nyuso zimejaa furaha.

"Pole na mlima, Mama," alisema Sonobe akiinama. "Tumekusaidia kidogo."

Aliyekutolea jasho hushukuriwa, hata kama amekumaliza. Mama Kikue aliinama mbele ya kila mmoja, akawashukuru mmoja mmoja, akawaletea chai na figili. Kikombe cha mwisho alimpa Niwase. Kilikuwa kitupu. Niwase alikishika kwa mikono miwili, akakinywa hadi mwisho.

Meya alikuja, akakata utepe, akayatazama mashina yaliyobaki. "Huu ndio uasili," alisema. "Msafi."

Siku chache baadaye nyuki walilihama sanduku.

Sasa, nyuma ya ofisi ya mji kuna kipande cha ardhi ambacho Idara ya Barabara inasema ni cha Idara ya Bustani, na Idara ya Bustani inasema ni cha Barabara. Wanaandikiana barua tangu ofisi ijengwe, na muda wote huo hakuna aliyethubutu kung'oa hata jani. Hagi ilikuwa imeota hapo, na fujibakama, na wale wengine wasiojulikana majina. Nyuki walipapenda. Wakaona tundu kando ya bomba la kiyoyozi, wakaingia, wakahamia ndani ya ukuta, nyuma kabisa ya kiti cha Meya.

"Niwase! Leta dawa!"

"Kanuni ya Saba, Mheshimiwa. Dawa imetajwa. Moshi umetajwa." Akanong'ona: "Na mlango."

"Nani aliyeandika upuuzi huu?"

Niwase aliinamisha kichwa kwa heshima, akamsogezea karatasi yenye mwandiko wa Meya mwenyewe.

Mama Kikue aliitwa. Aliweka sikio ukutani, akasikiliza, na uso wake ukakunjuka.

"Mama yangu," alisema Meya kwa sauti ya chini, "tafadhali, wachukue watu wako."

"Nikawalishe nini? Mmenifyekea mpaka mizizi imeona aibu. Subiri hagi yangu ichanue. Vuli ijayo."

"Mwaka mzima?"

"Si uliwakaribisha wewe? Au ulidhani watapiga hodi kwa Niwase?"

Hesabu ya kampeni, basi, ni hii. Utepe mmoja. Mbegu za Uholanzi zilizoota vizuri na ambazo hakuna nyuki aliyezitazama. Uani mmoja wa Mama Kikue, kwa mwaka mmoja. Ofisi moja ya Meya, ambaye sasa anakaa upande wa pili wa meza ya Niwase, karibu na choo. Na kila alasiri, Mama Kikue anapokuja kuwasalimu nyuki wake, kikombe kimoja cha chai, kimejaa hadi ukingoni, ambacho Meya mwenyewe humpelekea, akinyata asiwabughudhi.