Gitaa la Fulgence Juu ya Moshi

Jumatatu, 2 Juni 2025
George wa kwaya kaja na habari. Pentekoste watapiga gitaa la besi la zamani, kwa heshima ya wazee wa bendi. Moja tu! Lile lililotengenezwa mapema zaidi. Hapa Matogoro yapo mawili: la Fulgence, marehemu mume wangu, na la marehemu mume wa jirani yangu Theodosia. Walipokezana kwenye bendi moja ya dansi. Nataka la Fulgence. Nilisikie mara moja kanisani kabla sijamfuata.

George kakonda. Nimemlisha ugali kwa vitisho.

Jumanne, 3 Juni
Nimeenda kwa Theodosia kuchungulia. Loo! Gitaa lake limebanduka rangi, limepauka, kikongwe kabisa. La Fulgence linang'aa kama kiatu cha harusi. Alilifuta kila Jumapili, mpumbavu wangu yule. Theodosia kasema shoga, lako mtoto mdogo. Nikamwambia aanze kuhesabu meno yaliyombakia. Kacheka, kanipa boga. Nimelipokea kwa hasira.

Jumatano, 4 Juni
Akili imenijia jikoni. Mahindi ya mbegu si tunayaning'iniza juu ya moto, moshi uyakaushe? Muda si muda yanaonekana ya mwaka juzi. Basi gitaa nimelining'iniza katikati yao. Kuni mbichi. Shule sikwenda, hizi herufi nimefundishwa na masista ukubwani, lakini hili hakunifundisha mtu! Nakohoa. Linazeeka vizuri.

Jumamosi, 7 Juni
Ee Mama Maria, nifiche.

George kaja na bisibisi, Theodosia nyuma yake kabeba gitaa lake. Kumbe rangi si kitu! Kafungua shingo za magitaa. Mwaka umegongwa muhuri ndani, kwenye mbao. La Theodosia, 1974. Limebanduka kwa sababu kuku walililalia. La Fulgence, 1966. Lilishashinda likiwa na mng'ao wake! Kasema la mwaka ule ni jepesi, sauti yake nene, kama hayo hayapatikani tena. Ila shingo imepinda kwa joto, nyuzi zinakwaruza, halipigiki. Akanusa. Akauliza, Bibi, mbona linanuka samaki mkavu? Nikasema sijui. Mtu mzima mimi, sijui! Vidole vimejaa masizi. Theodosia kaviona. Kanishika mkono uleule. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 8 Juni
Limepigwa la Theodosia. Linaguruma, mabenchi yanatetemeka. Watu wanapiga vigelegele, mimi natazama viatu. Baada ya misa Theodosia kasimama, kawaambia lile ni gitaa la marehemu wetu wote wawili. Nimelia kwa aibu. Nimemfinya, nikamkumbatia.

George kasema la Fulgence nisiliguse kabisa. Atalipeleka kwa fundi, alinyooshe polepole, lipigwe Krismasi. Nimeitikia ndiyo mwanangu, ndiyo.

Lakini jamani. Kama limepindwa na moto, dawa yake si baridi? Na Juni hii maji ya pipa yanauma mifupa. Nimelizamisha lote, nikaliwekea jiwe juu. George atakuja kesho akute limeshanyooka, tusimsumbue fundi wa watu.