Juzuu ya Tatu Nyuma ya Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Juzuu ya tatu ya Mahakama na Hukumu za Kale! Miaka yote hii nina ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano, na katikati pengo kama la mtoto anayeng'oka meno. Ilikuwa kwa Miwani, muuza vitabu vilivyotumika nyuma ya soko, imelaliwa na kamusi ya udaktari. Jalada zima. Faharasa ipo! Nusura nilie.

Kuinunua sikuweza. Mke wangu ametunga sheria: kitabu kimoja kikiingia, kimoja kitoke, na mfuko wangu anaupekua mlangoni. Sheria imepitishwa bila kunisikiliza, mimi niliyekuwa karani wa mahakama hadi kustaafu! Eti kwa sababu Chimbuko la Rufaa kilimwangukia mama mkwe mguuni. Mguu wenyewe umeshapona.

Nikamwomba Miwani aniwekee. Akasema hamwekei mtu, kitabu ni cha anayefika na pesa mkononi. Ujeuri gani huu! Alipogeuka kumhudumia mteja, nikaichomeka nyuma ya vitabu vya kufuga kuku, rafu ya chini kabisa. Nani atainama huko?

Jumanne

Asubuhi nzima mbele ya rafu zangu, natafuta cha kutoa. Historia ya Faini ninazo nakala mbili. Lakini moja ina picha, na isiyo na picha ndiyo inayonukia vizuri. Haiwezekani.

Mke wangu kalalamika kuku wake wanasinzia, mmoja hataki kula. Wamemchosha, heri angefuga nyuki. Nikamwitikia tu.

Jioni nakwenda kwa Miwani, namkuta nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, wakili mstaafu. Naye anakusanya vitabu hivi hivi, na alianza kwa kuniiga mimi! Anaitafuta juzuu ya tatu. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba nimeiona duka la karibu na kituo cha reli, mwisho wa mji kabisa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatoka mbio. Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wakanipisha.

Jumatano

Shemeji kapiga simu kunishukuru! Juzuu ya tatu hakuikuta. Lakini huko huko, nilikomtuma mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, kapata Viapo vya Mashahidi! Kitabu nilichokitafuta tangu sina mvi! Kasema: Shemeji yangu, Mungu akuzidishie. Azidishe nini? Nimekata simu.

Alhamisi

Nimeamka na akili mpya. Sheria inasema kimoja kitoke. Haisemi cha nani! Ndiyo hasara ya kutunga sheria kwa hasira. Nikachukua kitabu cha mke wangu cha magonjwa ya kuku, kimejaa madoa ya pumba, nikampelekea Miwani. Kakipokea kwa furaha, kakiweka na wenzake. Nikawa tayari nimeinama kuichomoa juzuu yangu, nasikia mtu kanishika bega. Shemeji! Kanitafuta mji mzima anilipie chai ya shukrani. Ningeichomoaje mbele yake? Ikabidi niinuke, nikasema nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nimevaa ndala. Nikaenda kunywa chai na adui.

Ijumaa

Nyumba imepinduliwa juu chini. Kuku wawili wamelala ubavu, kitabu hakionekani. Mke wangu kaniuliza kama nimekiona. Nikasema leo sijakiona, na huo ni ukweli mtupu. Akachukua kanga yake, akasema basi anakwenda kununua kingine.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilishamaliza shavu moja ndipo nikaelewa anakwenda wapi. Lahaula! Nilikimbia na povu usoni. Miwani akaniambia mama ametoka sasa hivi na vitabu viwili, uso umechanua. Akaongeza kwamba kuna wateja hawana adabu, kitabu cha mahakama wanakisokomeza kwa kuku.

Nimejikokota, nimerudi jioni. Kitabu cha kuku kiko mezani, kimefunuliwa ukurasa wa kwanza. Kuna mwandiko wangu: Kwa mke wangu kipenzi, zawadi ya moyo. Jamani, nilishasahau!

Akanieleza taratibu, bila kupaza sauti. Bora angepaza. Juzuu ya tatu aliiona nyuma ya kuku, akajua ndiyo ninayoitaja hadi usingizini, akaninunulia kwa pesa za mayai. Kwa juzuu hiyo moja alikuwa ameiweka sheria kando. Halafu akafungua kitabu cha pili. Halafu kaka yake akapita kumsalimia. Shemeji kaondoka na juzuu ya tatu kwapani.

Mlalamikaji ndiye hakimu, na anayefaidika ni kaka wa hakimu! Mahakama gani hii? Kaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi nilificha kitabu!

Jumatatu, 10 Machi

Pengo bado lipo. Nikiliangalia roho inaniuma kwelikweli. Nimeipitia kesi yote, nimepata ukweli: kosa si langu, ni la rafu. Kuku kila mtu anafuga.

Leo kwa Miwani nimekuta Mahakimu Waliofukuzwa Kazi. Kinene, kina picha! Lakini nyumbani sheria imekazwa, sasa kimoja kikiingia viwili vitoke, na lazima viwe vyangu. Hapana shida, nitatafakari polepole. Safari hii nimekichomeka nyuma ya vitabu vya kufuga nyuki, rafu ya juu kushoto. Vumbi tupu. Mtu mwenye akili timamu hafugi nyuki.

Mke wangu ameanza kunisemesha tena. Kuku amewauza wote. Kaniuliza kwa upole kama Miwani ana vitabu vya nyuki. Nimefurahi amani imerudi, nikamwambia viko tele, rafu ya juu kushoto, aende kesho asubuhi mapema.