Mkataba Wangu na Tai ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Mfumo wa kompyuta wa stoo umegoma tangu asubuhi, na nani kaambiwa autengeneze? Mimi, mtu wa mkataba. Mshauri wa idara, tunayemwita Bwana Inategemea kwa sababu hana jibu jingine, alikuwa chumba cha mikutano chenye kiyoyozi akichora mishale ubaoni. Mimi nikikosea, lawama zangu. Yeye akikosea, ulikuwa ushauri tu. Halafu analetewa chai! Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na meneja hajasema neno. Nimeamua. Kuanzia kesho, na mimi ni mshauri.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima tai ya shemeji. Mke wangu kaniuliza nani kafariki. Kazini nimehamishia kompyuta yangu chumba cha mikutano. Karani wa stoo kaja kusema mfumo umegoma tena. Nikamwambia inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikachora mshale. Kaondoka akitikisa kichwa. Heshima imeanza kuja.

Jumatano, 5 Machi
Siku kubwa! Meneja kapita, kaona tai, kaona mishale, kaniuliza idara ipunguze vipi gharama. Hakuna aliyewahi kuniomba ushauri, hata watoto wangu mwenyewe. Kichwa kikavimba. Nikamwambia dawa ni moja: mwisho wa mwezi awaage watu wote wa mkataba. Wapo tele mitaani, atawapata siku yoyote akiwahitaji. Kanishika mkono kwa shukrani.

Nilikuwa nimefika nyumbani, nimevua kiatu kimoja, ndipo nilipokumbuka mimi ni nani.

Alhamisi, 6 Machi
Usingizi haukuja. Nimemweleza mke wangu. Kacheka mpaka machozi, halafu akawatazama watoto na sare zao za shule, kicheko kikaisha. Nimekwenda kwa meneja kuomba ushauri wangu ufutwe. Akasema haiwezekani, ni ushauri mzuri mno, ameshampa Bwana Inategemea aupitie. Nimekwisha. Nimeanza kutoa vitu vyangu kwenye droo. Chaja, kikombe, kipande cha sabuni. Naogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa ofisini kwa meneja. Bwana Inategemea alikuwepo. Kumbe mshauri hawezi kuafiki ushauri wa mtu mwingine. Akiuafiki, yeye ataonekana wa kazi gani? Wangu kauchana vipande vipande. Kasema huo ni ushauri wa mtu asiyejua lolote, na kwamba watu wa mkataba wabaki hadi wakamilishe kutengeneza mfumo mpya wa stoo. Meneja kakubali papo hapo.

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna hiyo. Nilijifungia chooni nikampigia mke wangu simu, tukashusha pumzi wote wawili. Kaniambia nirudi mezani kwangu na nifunge mdomo. Nimemwahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi mezani, moyo mweupe. Meneja kapita kuuliza mfumo mpya utachukua muda gani, maana siku kazi inapoisha ndiyo siku mkataba unapoisha. Bwana Inategemea akadakia kwamba, kwa makadirio yake, ni mwaka mzima. Mwaka! Anataka nionekane mzembe?

Nimemhakikishia meneja kwamba nitaimaliza kazi Ijumaa hii. Ameandika. Bwana Inategemea kabaki mdomo wazi. Leo nimemkomesha.