Ombi la Kuondoa Hewani Sehemu ya Kumi na Moja

Kwa Mtayarishaji wa Tamthilia ya Siasa ya Kila Alhamisi

Ndugu Mtayarishaji,

Kuna sauti imekataa kunitoka masikioni: visigino vya kandambili vikigongana. Pap. Ilisikika sebuleni kwetu mwishoni mwa sehemu ya kumi na moja, tarumbeta lilipolia na jeneza la yule mlinzi wa geti likateremshwa mbele ya waziri. Nikageuka. Babu yangu, ambaye huinuliwa kitini na watu wawili, alikuwa amesimama peke yake, wima kama mlingoti, mkono kwenye paji la uso. Halafu goti likamkumbuka, akamwangukia mama yangu.

Naomba kwa heshima zote sehemu hiyo isirudiwe tena. Kwa faida ya wasaidizi wako, ambao huenda hawatazami kazi yao, nakumbusha: mlinzi mzee wa wizara anafariki kibandani, katibu wa waziri, dada mwenye miwani, anafungua kopo la rangi ya viatu la marehemu na kukuta nishani ya vita, anapiga simu moja, mzee anazikwa kishujaa. Watu walilia. Sisi tulipata madhara yafuatayo.

1. Simu. Nimeipima kwa saa: dakika mbili na sekunde kumi, pamoja na kufuta miwani. Babu, ambaye mtaani wanamwita Koplo, ana miaka kumi na moja akienda ofisi ya wapiganaji wa zamani, dirisha namba nne, kuomba jina lake liingizwe daftarini ili hospitali ya jeshi imtoe kipande cha chuma kilichomo gotini. Aliambiwa alete barua ya kamanda wake. Kamanda amefariki. Akaambiwa basi alete barua ya kamanda kuthibitisha hilo. Hakulalamika; aliamini mambo ya serikali yanataka muda. Ninyi mmemwonyesha kuwa yanataka dakika mbili. Sasa ananidai mimi, msomi wa nyumba, namba ya yule dada. Nikimwambia ni mwigizaji, anasema hata wa dirishani anaigiza, ila huyu wenu anajua kazi.

2. Kopo. Babu amehitimisha kwamba karatasi ikipelekwa dirishani hupotea, bali ikifichwa kwenye kopo la rangi ya viatu huonekana. Akachukua cheti chake cha kuachishwa jeshi, ambacho hakina nakala, akakikunja mara nane, akakitia koponi. Kopo halikuwa tupu. Sasa kwenye cheti linasomeka jina lake na neno "mwaminifu" tu. Mengine yote yanang'aa.

3. Marehemu wenu. Wiki moja baada ya maziko alionekana kwenye tangazo la sabuni, ana afya tele, anacheka na povu. Babu alituita wote tuje tuone: kumbe mtu akishapewa heshima zake anarudi.

4. La nne limezaliwa na la tatu. Babu anasema tulikosea pa kuanzia. Wenye akili huanzia kaburini. Tangu Ijumaa anajizoeza umarehemu kwenye kochi, mikono kifuani, kuanzia chakula cha mchana hadi alasiri. Ameniagiza niandike wasifu wake mapema aupitie, na ameshaurudisha mara mbili: wa kwanza ulikuwa mfupi, wa pili ulimsifu shangazi. Juzi mama alisimama juu yake na ufagio, akamwambia, "Baba, marehemu haombi kuongezewa sukari." Babu akajibu, macho kayafumba, kwamba marehemu hakemewi pia. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huko nje nikagundua kwamba sicheki tena.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumanne iliyopita nilimsindikiza. Karani wa dirisha namba nne, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alipomwona tu alisema, "Koplo, ulikiona kile kipindi cha mlinzi? Nililia mpaka mume wangu akaniletea taulo." Wakayazungumza yale maziko robo saa nzima, macho yamewalowa wote wawili. Karani alisema ni aibu jinsi tunavyowasahau wazee wetu. Kisha akajipangusa, akamwambia arudi Jumanne ijayo na barua ya kamanda.

Ndugu Mtayarishaji, machozi ya watu yana kipimo. Ninyi mnayachota yote siku ya Alhamisi na kumpa mtu asiyekuwepo. Wenye magoti wakifika wanakuta ndoo tupu. Kwa hiyo iondoeni sehemu hiyo. Ikishindikana, mzikeni Babu katika sehemu ijayo, akiwa hai, kwa tarumbeta la kweli. Hilo nalo likishindikana, tuazimeni dada wa miwani na simu yake kwa Jumanne moja. Tutamrudisha mzima.

Wasalimie waandishi, wapiga picha, mpiga tarumbeta (simlaumu), na marehemu; mwambie sabuni yake tunaitumia.

Wako nikisubiri kwa adabu, kama tulivyozoeshwa,

Mjukuu wa Koplo

Nyongeza: Tafadhali usiiondoe sehemu hiyo. Barua hii ilikuwa mkobani, tayari kwa posta, tulipofika ofisini leo Jumanne asubuhi. Ukumbi wa kungojea una televisheni ukutani, nami nilikuwa na kipindi chenu kwenye flashi, kama ushahidi. Nilipanda juu ya benchi nikaichomeka, nikakisogeza hadi maziko, nikafungulia sauti yote. Tarumbeta lilipolia, wazee thelathini na kitu waliokuwa kwenye foleni walisimama. Sauti ile ile, mara thelathini: kandambili, raba, na kiatu kimoja cha ngozi. Karani akatoka mbio kuuliza nani amefariki.

"Bado," Babu akamjibu, mkono ungali kwenye paji. "Tumewahi."

Karani alimtazama, akaitazama foleni yote. Hakuna aliyeshusha mkono. Safari hii hakulia. Alirudi ndani, akafungua daftari, akakipokea kile cheti kinachong'aa na kuandika jina lililosomeka. Habari za kamanda hakuziuliza. Kisha akaita anayefuata.

Tuliondoka karani akiwa na mzee wa saba. Flashi sikuichomoa.