Joka la Shemeji

Jumapili, 2 Juni

Jana tulikuwa wawili mezani. Wawili! Mimi na Daktari wa Meno, ambaye hakuna anayemwalika lakini huja, kwa kuwa kadi ya uanachama anayo. Chama kina watu watano. Mwaka jana tulikuwa tunagombania viti.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii: sisi ni Chama cha Visanamu. Unanunua boksi dogo lililofungwa. Ndani mna visanamu vitatu vya plastiki vya kuchezea vita mezani kwa dadu. Wachawi, mashujaa, vibwengo, na ukijaliwa sana, Joka Jekundu. Kwa nje maboksi yote ni sawa. Hujui umepata nini mpaka ufungue. Hapo ndipo utamu ulipo. Au ulipokuwa.

Kinyozi anasema amechoka. Ana vibwengo kumi na tisa wenye mikuki na hana shujaa hata mmoja wa kuwaua. Mwalimu wa Hesabu amekaa na kalamu yake akagundua kwamba ili awe na uhakika wa kupata Joka, mtu anatakiwa aishi miaka mia na arobaini na asile. Hesabu za namna hiyo huvunja watu moyo. Na Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme, niliyeanzisha naye chama hiki, hakutokea kabisa. Alituma salamu kwamba anapanga kabati. Tangu lini mtu akaacha vita kwa ajili ya kabati?

Chama hutumia meza ya mke wangu ya kukatia vitambaa. Amesema, pini zikiwa mdomoni, kwamba Jumamosi ijayo tusipotimia watano, meza ina kazi. Kuna mashine mpya ya kushona pindo inatafuta pa kukaa. Alisema kwa upole. Upole wa mke wangu ndio unaonitisha.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata wazo!

Wenzangu wamechoka kubahatisha. Basi niwaondolee kubahatisha. Joka ni zito kuliko kibwengo. Boksi lenye Joka lazima liwe zito kuliko mengine. Na mimi ni karani wa vifurushi, posta. Kuna mwanachama gani mwingine mwenye mizani ya serikali mbele yake kutwa nzima?

Mchana nimekwenda kwa Mwenye Duka, nikamwomba maboksi ishirini. Akauliza kama nanunua. Nikasema napima tu. Akasema duka lake si kliniki ya watoto wachanga. Baadaye tumeelewana: nitakalolipenda nitalichukua, mengine nitayarudisha yalivyo. Amekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Rafu zake zimejaa, na maboksi ya juu yana vumbi unaloweza kuandikia jina.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima. Foleni ilinung'unika kidogo. Bosi akaja akauliza vifurushi ishirini visivyo na anwani vinakwenda wapi. Nikasema ni vya majaribio. Akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Bora angesema.

Boksi la kumi na tatu liliyazidi mengine kwa gramu sita. Sita! Nililifungulia chini ya kaunta huku mteja akilamba stempu.

Vibwengo watatu. Pamoja na kijitabu cha sheria mpya kwa lugha saba. Kilichokuwa kizito ni kijitabu.

Na nani alikuwa nyuma ya huyo mteja? Daktari wa Meno, na bahasha yake. Aliwaona vibwengo wangu. Akaniambia, kwa sauti ile ya kumhakikishia mtu kwamba hatasikia maumivu, kwamba yeye maboksi ameacha zamani. Siku hizi anabadilishana na watu waliokwisha kufungua, kimoja kwa kimoja, anachagua anachokitaka. Huo si ukusanyaji! Huo ni kwenda sokoni na orodha.

Jumatano, 5 Juni

Jioni nimepita kwa Shemeji. Nimemkuta sebuleni anamimina visanamu vyake kwenye ndoo ya rangi. Anamimina! Wachawi kichwa chini miguu juu. Amesema anatafuta wa kumpa.

Nilimkumbusha kwamba bado hajapata Joka. Miaka mitatu amelitafuta. Akasema si Joka tena. Ni kwamba zamani alikuwa akishika boksi moyo unadunda, na sasa akishika boksi anafikiria pa kuweka vibwengo. Alisema vizuri, bila kununa, na chai akanipa. Nilitamani anune. Mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza.

Nitaandika ukweli, kwa sababu humu hamna anayesoma. Sina rafiki mwingine. Nina watu wa kusalimiana nao, wengi tu. Lakini anayenicheka usoni na kesho yake akaja tena ni Shemeji peke yake. Bila Jumamosi tutakuwa ndugu wa kukutana kwenye misiba.

Na ukweli wa pili, mbaya zaidi. Joka ninalo. Tangu Machi! Limo ndani ya soksi ya sufu, chini ya mashati. Siku nilipolipata nilitaka kukimbia kumwonyesha. Nikaogopa ataniomba. Wiki ikapita, nikaona haya kwamba nimechelewa. Mwezi ukapita, haya ikawa kubwa kuliko Joka.

Alhamisi, 6 Juni

Usingizi umenipa jibu. Wanachama hawajachoka maboksi. Wamechoka kukuta wasichokitaka. Kwa hiyo Jumamosi kila mtu atafungua boksi jipya kabisa, na humo atakuta kile hasa anachokiota. Kwa bahati! Bahati yenyewe nitaipanga mimi.

Kinyozi atapata shujaa wa upanga, ninao wawili. Mwalimu wa Hesabu atapata mchawi wa kike mwenye kioo, ili aache kupiga hesabu. Daktari wa Meno atapata vibwengo watatu. Haki ni haki.

Shemeji atapata Joka.

Hapo nilikaa kitandani na soksi mapajani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wangu ulitoa mara moja. Mkono ndio ulioleta ubishi. Nililitazama mabawa, nikalitazama mkia. Kisha nikamkumbuka yule mchawi kichwa chini ndani ya ndoo ya rangi, nikasema basi.

Ijumaa, 7 Juni

Kazini nimesema naumwa jino. (Daktari wa Meno asijue!) Mke wangu ametoka kupeleka sare za shule, chumba cha kushonea chote changu.

Nimechukua manne kati ya yale ya Mwenye Duka. Kila boksi huja limevikwa nailoni nyembamba iliyobana. Niliichana, nikabadilisha vilivyomo, nikavika nailoni mpya ya kufungia chakula. Haikubana. Ilining'inia kama suruali ya kuazima. Nikafikiri. Nailoni hubana kwa joto. Na pasi ya mke wangu ile pale, imetoka kunyoosha kola, bado ina moto.

Nikaiwasha, nikatandika kitambaa, nikapiga pasi maboksi, upande kwa upande, nikihesabu hadi arobaini kila upande. Yalibana kama ngoma! Hata kiwandani hawafanyi vile. La Shemeji nimelipiga mara mbili, kwa upendo.

Kisha nikapiga simu kwa wote. Nimesema kuna boksi la bure kwa kila mtu. Wote watakuja. Shemeji amesema atakuja kuaga, na ndoo ataileta. Alete! Atarudi nayo.

Jumamosi, 8 Juni

Tulitimia watano. Mke wangu alihesabu vichwa kutoka kwenye cherehani yake, akaendelea kushona.

Nikagawa maboksi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu bahati. Kinyozi akafungua kwanza. Shujaa wake alikuwa ameinama mpaka kiunoni, upanga umejikunja kama anatafuta shilingi sakafuni. Mwalimu wa Hesabu akamtoa mchawi aliyeyeyuka akashikamana na kioo chake. Nilimwambia Shemeji asifungue, boksi lake lina kasoro, nitambadilishia. Akaniuliza nimejuaje kama lina kasoro na halijafunguliwa. Akafungua.

Joka Jekundu. Miaka mitatu! Shingo imezunguka nyuma, linajitazama mkia. Mabawa yamelala ubavuni kama ya kuku aliyenyeshewa.

Daktari wa Meno akalichukua kwa vidole viwili, akalinusa. Akasema linanukia wanga wa kunyooshea kola. Mke wangu akasimamisha cherehani. Akasema sasa ameelewa kwa nini pasi aliyoiacha imezimwa aliikuta imegeuzwa kwenye joto la kitani, la juu kabisa.

Shemeji akanigeukia.

"Shemeji, umelipiga Joka pasi?"

Nikakiri. Yakatoka yote: nailoni, simu, Machi, mpaka soksi. Nilikuwa natazama sakafu, nikasubiri kusikia ndoo ikinyanyuliwa. Nilisikia kitu kingine. Shemeji alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kati ya vipande vya vitambaa, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akasema kwamba katika maboksi yote aliyofungua maishani, hili ndilo la kwanza ambalo kuna mtu alitaka alipate. Kisha akasema kuhusu Machi mimi ni mshenzi. Yote mawili ni kweli. Nilifurahi hadi nikakaa chini kando yake.

Daktari wa Meno akaomba maji ya moto. Alisema kazini kwake plastiki iliyopinda si msiba, hulainishwa ikanyooshwa. Akalichovya Joka kwenye bakuli, akaligeuza shingo kidogokidogo kwa kibano chake. (Anatembea na kibano!) Shemeji akamwambia aache hapo hapo, nusu njia, kwa sababu sasa linaonekana linasikiliza kitu nyuma yake. Kweli lilionekana hivyo. Kinyozi akauliza kama kibwengo naye anaweza kuchovywa. Akachovywa. Akavishwa bawa la mwenzake kwa gundi. Wa pili akakalishwa, wa tatu akapewa mikuki minne.

Ndoo ikamwagwa mezani. Hakuna aliyecheza dadu, hakuna aliyetazama saa. Mwalimu wa Hesabu alihesabu kwamba kwa vibwengo wetu sitini tunaweza kutengeneza wanyama tofauti wengi kuliko watu wa mji huu. Hesabu ya kwanza yenye faida tangu nimjue! Saa kumi na mbili mke wangu alitufukuza kwa ufagio. Akasema meza tutagawana nusu kwa nusu, na pasi nisiiguse mpaka siku ya kufa.

Kabla ya kuondoka tulipiga kura. Hakuna mwanachama kununua boksi lililofungwa mpaka vibwengo wote waishe. Kauli moja. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Jumamosi tulipata ushindi mkubwa, na ushindi huo ulitokana na nini? Maboksi. Niliyoyapanga mimi. Hili halina ubishi.

Nilipokwenda kurudisha yale kumi na tano yaliyobaki, Mwenye Duka alinionyesha toleo jipya: Viumbe wa Kilindini. Kila katoni ina Pweza Mkuu mmoja, hakuna ajuaye yuko boksi gani. Shemeji hajawahi kutamka kwamba anamtaka Pweza Mkuu, lakini mtu unamsoma usoni. Nimechukua katoni moja. Kura ilikataza kununua, nami sikununua. Tumebadilishana na saa yangu ya mkononi.

Nimepima yote mchana. Boksi la tisa limezidi kwa gramu kumi na moja! Kijitabu hakiwezi kuwa kizito hivyo.

Mke wangu Alhamisi anakwenda tena na sare. Safari hii pasi nitaiweka kwenye joto la hariri.