Vichupa Vitatu Bila Majina

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza saa mbili asubuhi: Ijumaa wanakuja wageni, na wakishaondoka fundi mmoja ataajiriwa moja kwa moja. Vibarua tuko wawili. Mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Nimeandaa vichupa vitatu vya wageni: sumu ya nyigu, dawa iliyotengenezwa hapa maabara, na maji matupu. Kalamu isiyofutika iko kwa Miwani. Nimwombe? Thubutu! Nimetumia ya binti yangu, ya kuchorea picha. Mwandiko safi.

Jumanne, 4 Machi
Nimevifuta vichupa kwa spiriti ving'ae kuliko vya Miwani. Vimeng'aa. Majina yameondoka na uchafu. Vyote vitatu vinafanana na maji. Kwenye friji kuna akiba, lakini ufunguo anao Miwani, na Miwani ana mdomo.

Mkuu aliwahi kutueleza: ndani ya seli kuna protini, kama kengele. Ujumbe wa kawaida hupiga hodi, na mlango ndio huibonyeza. Sumu ya nyigu haina adabu hiyo. Hupenya ukutani, ikabonyeza kengele yenyewe. Seli hushtuka, humwaga kemikali ya muwasho, ngozi ikavimba.

Ngozi ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Chooni kazini, komeo nimefunga. Matone matatu, michomo mitatu ya sindano, mkono wa kushoto. Dakika ya nne, wa kwanza umevimba. Sumu! Dakika ya tano, wa tatu nao umevimba. Sawasawa, kama mapacha. Wa kati kimya: hayo ndiyo maji. Hao wawili sijui yupi ni yupi. Moyo mbio. Sumu au woga? Nimeandika wosia nyuma ya risiti ya sabuni. Baiskeli apewe shemeji.

Alhamisi, 6 Machi
Bado hai. Mke wangu ameuona mkono. Nimesema mbu. Akauliza ni mbu gani anayeuma kwa mstari. Nikakiri.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, baba watoto," akasema. "Kesho umwambie Mkuu. Ukifa, mimi nitawaambia watu ulijichoma mwenyewe."

Nimeapa. Miwani naye kauliza kwa nini nimevaa sweta kwenye joto hili.

Ijumaa, 7 Machi
Sikumwambia. Majina mawili nimeyaandika kwa kukisia. Mkuu akadondosha "sumu" kwenye seli: zikashtuka. "Dawa": zikashtuka vilevile. Maji: kimya. Akawaambia wageni ndicho alichotaka kuonyesha, vitu viwili vya asili tofauti, kengele ileile. Makofi.

Miwani kaniletea kalamu yake, bila kuombwa. Eti mwandiko wangu unachuja. Mtego huo! Nimeirudisha, nikavifuta vichupa kwa spiriti, majina na yote, kabla hajavichunguza.

Ndipo Mkuu akasema ajira itaamuliwa Jumatatu. Saa tatu asubuhi, vichupa hivihivi: tunapima ipi ina nguvu zaidi, sumu au dawa.

Mkono wa kulia bado haujatumika.