Bakuli la Maharagwe Hangani kwa Mwalimu

Jamani wenzangu wa darasa la jioni, leo nimejivua nguo mbele ya watu. Si nguo za kweli (ingekuwa afadhali). Ni huku Vitengeni, hangani, kwenye matanga ya Mwalimu wetu Kazungu, mbele ya ukoo wake mzima pamoja na mbuzi wao.

Ninyi mliokosa ruhusa ya kuja, jueni hali ilivyo. Mwalimu katuacha, na nduguze wanasema waziwazi kwamba aliupoteza umri wake kwa hesabu zisizonunua hata chumvi. Mjane wake, Mama Dama, amekaa mkekani anasikia yote.

Mzee Karisa, kaka mkubwa wa marehemu, akanigeukia. "Wewe msomi wa usiku, hebu tuambie. Ndugu yangu alikuwa akihesabu nini miaka yote hiyo?"

Nikasimama. (Mnanijua. Nikiulizwa saa, naanza na historia ya jua.)

"Wazee wangu, kuna hesabu za maumbo na mizunguko. Waliozibuni hawakutaka zifanye kazi yoyote, walizipenda tu. Halafu wataalamu wa fizikia walipochungulia ndani ya vitu, wakaikuta elektroni, chembe ndogo kuliko udogo wenyewe, inafuata hesabu zile zile! Ukiizungusha mara moja, haijarudi ilivyokuwa. Mpaka mara mbili!"

"Mara moja si ndiyo kurudi?" akauliza Mzee Karisa. "Mimi nikizunguka mara moja nakuona tena, kwa bahati mbaya."

Watu wakacheka. Mama Dama akainua macho. Ningekaa chini hapo, ningekuwa mtu. Lakini nikachukua bakuli la maharagwe ya nazi, limejaa pomoni, nikaliweka kiganjani kama Mwalimu alivyotufundisha kwa kikombe.

Mzunguko wa kwanza, bakuli likapita chini ya kwapa. Halikumwagika hata tone! Mkono umepindika kama nimekamatwa na askari. "Mnaona? Bakuli limerudi, mkono bado!" Hata mbuzi walitazama.

Mzunguko wa pili, bakuli hupita juu ya kichwa na mkono hunyooka wenyewe. Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa akinishika kiwiko, kila mara. "Taratibu, Charo. Usiogope." Nikafika hapo, nikangoja. (Ndiyo. Niliungoja mkono tuliouzika jana.)

Maharagwe yakaingia sikioni, yakateremka kolani, na yaliyobaki yakatua juu ya kofia ya Mzee Karisa.

"Mwaona!" akapiga kelele. "Hayo ndiyo masomo yake!"

Hanga zima likaangua kicheko. Mama Dama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nikadhani naye anacheka. Nikamsogelea nimwombe radhi.

"Kila asubuhi alisimama jikoni na chai yake, akiizungusha hivyo hivyo," akaniambia. "Akaimwaga. Nami nikawaambia watu ameanza pombe." Akapangusa macho. "Ile ya pili, hurudi kweli?"

"Hurudi, mama."

"Basi nionyeshe, mwanangu."

Nikajaribu na bakuli tupu. Nikakwama pale pale, mkono juu, nalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, huku tui likinichuruzika mgongoni.

Mkinikuta darasani kwetu Barani, lichekeni shati langu mpaka mchoke. Hesabu msizicheke. Hizo zilikuwa sahihi.